Wasomaji wa Bombani

"Mama, humu hata kuku ukimfungia utakuwa umemwonea," alisema Afisa Utamaduni, kichwa amekielekeza darini.

Macho ya mkutubi yalikuwa usoni kwa yule bwana, lakini masikio yalikuwa kwenye beseni la plastiki katikati ya chumba cha kusomea. Ti, ti, ti. Mvua ya jana ilikuwa bado inateremka polepole kutoka darini. Mwanamke huyu aliweza kumnyamazisha mwanafunzi kwa kuinua nyusi tu, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Kimya. Leo alishindwa na beseni.

Afisa alizunguka. Alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Alivuta kitabu rafuni. Jalada likaja mkononi, karatasi zikabaki palepale, kwa sababu mchwa walikuwa wameshakula mshono. Alibonyeza swichi ya taa, akakumbuka mwenyewe kwamba umeme ulikatwa, akajifanya alikuwa anaipangusa vumbi. Mwisho akasimama mbele ya kabati la vioo lenye kufuli. Ndani yake vitabu vizuri, vipya, vimejipanga kama maharusi waliochelewa kuolewa.

"Na hivi mbona vimefungiwa?"

"Kikipotea kimoja nakatwa mshahara, mheshimiwa."

"Ahaa. Vizuri haviazimwi, na vinavyoazimwa si vitabu tena." Alicheka peke yake. "Wasomaji wako wapi?"

Msomaji alikuwa mmoja, mzee mstaafu, naye alikuwa amelilalia gazeti la mwezi uliopita. Kupitia dirishani zilisikika ndoo zikigongana na sauti za wanawake wakicheka. Afisa alinyoosha kidevu kuelekea huko.

"Wale je?"

"Wale wanateka maji tu, mheshimiwa. Mtaa huu bomba linalotoa ni la hapa kwetu. Wakizidi kelele nawafukuza."

"Unafanya vizuri. Sasa nikwambie kitu, usije ukasema sikukwambia. Jengo hili watu wa ushuru wanalililia. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta wasomaji, nitaandika wapo, na bati tutatafuta. Nisipowakuta, utanikabidhi funguo. Na za kule nyuma pia."

Kule nyuma kulikuwa na vyumba viwili vilivyoshikana na ukuta wa maktaba. Ndimo alimolala mkutubi, na mumewe, na binti yao, na mama mkwe. Afisa alipopanda gari, dereva wake, kijana mnene aliyekuwa amelaza kiti akisinzia, alimpungia mkono Mama Kimya kwa adabu kama anayeaga msibani.

---

"Ushuru!" alisema mama mkwe jioni ile, akitia chumvi kwenye sufuria kwa hasira, mara ya pili. "Watatuhamisha sisi ili waje wahesabu pesa chumbani mwangu?"

"Bibi, chumvi," alisema binti.

"Chumvi nimeiona. Nyamaza."

Mume wa mkutubi, fundi baiskeli, alikuwa mlangoni ananawa grisi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa maktaba, chini ya ukingo wa paa lilelile, na wakihamishwa kibanda nacho kwaheri. Alikuwa mtu mpole, wa kuombwa kitu akatoa kabla hujamaliza kuomba.

"Wanataka wasomaji," alisema. "Basi tuwape wasomaji. Wateja wangu wanakaa kwenye benchi wakisubiri magurudumu. Siku hiyo wakasubirie ndani. Kila mmoja tunampa kitabu."

"Udanganyifu huo," alisema mkutubi.

"Udanganyifu gani? Si watakuwa wameshika kitabu?"

"Mke wa mwanangu," mama mkwe aliingilia, "mimi nimeishi mgongoni mwa hiyo maktaba yako tangu mwanangu akuoe. Sijawahi kuingia mle hata siku moja. Unajua kwa nini?"

"Husomi, mama."

"Sisomi, sawa. Lakini hata kanisani sisomi, naenda. Siingii mle kwa sababu wewe unanitazama kama nimekanyaga unga wako."

Binti aliinamia sahani yake kuficha kicheko. Wote walijua kwamba ni kweli.

---

Mvua ilinyesha tena, na asubuhi yake mkutubi alikuta rafu ya riwaya imeloa chepechepe. Akavitoa vitabu nje barazani kuvianika. Kuanika kitabu si kama kuanika nguo. Lazima ukae nacho, uyabandue makaratasi moja moja kabla hayajashikana, uyapepee, ugeuze. Na ukikaa na kitabu ukakibandua ukurasa kwa ukurasa, utakisoma tu, upende usipende.

Alichokishika kilikuwa riwaya isiyo na jalada. Kulikuwa na mjane mmoja mle, aliyemzika mumewe mwaka uliopita. Siku moja jirani anamjia mbio: nimemwona mumeo stesheni, anakata tiketi, amevaa koti lile mlilomzika nalo. Mjane anamfukuza jirani. Usiku halali. Asubuhi anafunga mlango, huyo stesheni.

Mama Kimya alisoma, akabandua, akasoma. Mjane alipomwambia mkata tiketi, "Nipe tiketi ya kule wanakokwenda marehemu," alicheka kwa sauti. Kicheko cha nguvu, cha kutoka tumboni. Foleni ya maji yote ikageuka.

"Heee!" alisema Mama Foleni. Huyu alikuwa mwuza mkaa mwenye sauti ya honi, na ndiye aliyesimamia zamu pale bombani bila kuchaguliwa na mtu. "Jamani, Mama Kimya anacheka! Leo mvua itanyesha mawe."

"Nisamehe," alisema mkutubi, haya zimemshika.

"Usituombe samahani, tuambie. Hicho kitabu kimesema nini?"

Kama isingekuwa mama mkwe wake mwenyewe aliyesimama pale na ndoo, pengine angewaambia waendelee na maji yao. Lakini mama mkwe alikuwa anamtazama, na maneno ya jana yalikuwa bado moto. Akasema, "Ngoja niwasomee kidogo."

Akasoma. Mwanzo sauti ilikuwa ya kikutubi, kavu, ya kusoma matangazo. Lakini alipofika kwa jirani aliyekuja mbio, mwanamke mmoja akaguna, mwingine akasema "Mungu wangu!" na sauti ya Mama Kimya ikaanza kupata nyama. Akamfanya jirani awe na kidomodomo. Akamfanya mkata tiketi awe na mafua. Maji yakajaa ndoo ya kwanza, yakamwagika, hakuna aliyesogea.

"Maji, wewe!" alipiga kelele Mama Foleni.

"Funga bomba kwanza, tusikie!"

"Koti lenyewe lilikuwaje?" aliuliza mama mkwe.

"La kijivu. Kiwiko cha kulia kina kiraka cha bluu, amekishona mwenyewe mjane."

"Basi hapo hakuna ubishi. Kiraka chako mwenyewe unakijua hata gizani."

Alipofika mjane anaingia kwenye behewa na kuona mgongo wa koti la kijivu, sura ikaisha. Karatasi zilizofuata zilikuwa bado majimaji, zimeshikana.

"Endelea!"

"Haziwezekani, zitachanika. Mpaka kesho zikauke."

Wallahi, wangempiga. Mama Foleni alikuja mpaka barazani, akazishika karatasi kwa vidole vyake vyeusi vya mkaa, akazipuliza. "Kaukeni, mashetani nyie!" Watu wakavunjika mbavu.

---

Kesho yake foleni ilianza mapema, na wengine walikuja na ndoo ambazo kwa macho tu ulijua nyumbani zimejaa, zimemwagwa ili zije tena. Kesho kutwa wakaja na wanaume. Fundi bati aliyekuwa anapita na ngazi yake aliitegemeza ukutani "dakika moja tu," akaondoka jua linazama. Muuza maji ya barafu alihamishia kisanduku chake mle uani. Mjane wa kitabuni alishuka stesheni isiyo yake, akalifuata koti sokoni, likampotea, akaliona tena linaingia hotelini. Mtaa mzima ukagawanyika. Wako waliosema mume hakufa, alizikwa mtu mwingine. Wako waliosema mwenye koti ni mwizi wa makaburi. Kinyozi wa njia panda alikata nywele za mtu upande mmoja akasahau mwingine, kwa kubishana.

Na mkutubi akawa kama mtu aliyemezwa na homa nzuri. Alipika anasoma. Alifagia anaigiza sauti. Mume akimwita anajibu kwa sauti ya mkata tiketi. Siku moja Mama Foleni alimwuliza, "Nikitaka kumsomea mgonjwa wangu nyumbani, unaniazima?" Mkutubi alikwenda mpaka kabati la vioo, akasimama na ufunguo mkononi, moyo unamwenda mbio kama anaiba. Akafungua. Kikatoka kimoja. Kikarudi, kimefungwa kwenye kitambaa safi, bila doa la mkaa. Vikatoka vitatu. Akaanza kufungua maktaba mpaka magharibi, kwa sababu watu wa mtaa ule walikuwa kazini saa zote ambazo maktaba ilikuwa wazi, na jambo hilo hakuwahi kuliwaza.

Sasa sikia kosa alilolifanya mwanamke huyu, na usimcheke, kwa sababu wengi wetu tungelifanya.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia aliogopa. Alipowaza maktaba mbele ya mkubwa, akili yake ilirudi kulekule: meza zimepanguswa, watu wameinama, hata nzi anaruka kwa adabu. Akaona aibu kwa ule uwanja wake wenye makelele, ndoo na mabishano. Jioni akawaambia bombani, "Kesho asubuhi msije, jamani. Kuna mgeni mkubwa. Mtateka mchana." Wakanuna, lakini wakakubali. Akafunga geti la uani kwa mnyororo. Akamwambia mumewe, "Wale wateja wako. Walete."

---

Afisa Utamaduni alipoingia alikuta meza zimejaa. Watu saba au wanane, wote wanaume, wote wameinamia vitabu, kimya cha kaburini. Hewani kulikuwa na harufu ya grisi.

Uso wake ulichangamka. Alinyata kati ya meza. Mmoja alikuwa anasoma kitabu cha ukunga, jasho linamtoka. Mwingine alikuwa amefumba macho. Wa tatu, mzee wa mkokoteni, aliposikia hatua zikimkaribia alidhani ni fundi, akainua kichwa.

"Fundi, spoku zangu vipi? Maana huku nimeshachoka kukaa."

Mtu mmoja alicheka puani. Kicheko kikaambukiza meza nzima. Fundi baiskeli, aliyekuwa mlangoni, alitazama viatu vyake.

Afisa hakucheka. "Mama," alisema polepole, "mimi nina watoto chuoni. Umeniona mimi ni wa kuchezewa hivi?"

Mkutubi alihisi masikio yanawaka. Na ndipo geti la uani lilipogongwa. Si kugongwa, kutwangwa, kwa chini ya ndoo.

"Mama Kimya!" ilikuwa ile honi. "Mgeni wako bado hajaondoka? Sisi tutakufa huku! Ameingia chumba namba ngapi yule mwenye koti?"

"Atuambie tu kama ni mumewe!" sauti nyingine.

"Si mumewe! Nilisema si mumewe!"

"Wewe ulisema jana ni pacha!"

Geti likatikisika. Afisa aligeuka. "Nini hicho? Ni fujo?"

Hapo palikuwa na njia mbili. Angesema, ni wateka maji, mheshimiwa, nitawafukuza, kama alivyosema mara ya kwanza. Ulimi wake ulikuwa umeshaanza. Akaurudisha.

"Hao ndio wasomaji wangu," alisema. "Hawa wa humu ni wa baiskeli. Wa kweli nimewafungia nje."

Akaenda akafungua mnyororo. Waliingia kama mafuriko, wakamwona bwana mwenye tai, wakasimama. Mkutubi akaeleza, maneno yanapandana: karatasi zilizoloa, mjane, koti, kabati lililofunguliwa, saa za jioni. Alieleza kwa mikono na kwa miguu. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka uani, akaitazama foleni ya ndoo iliyokuwa imeshajipanga yenyewe, na bomba mbele yake.

"Mama, sikatai. Lakini hawa wamefuata maji. Wewe unawasomea wakiwa wamekwama. Hata ukiwasomea bei za saruji watasikiliza."

"Si kweli!" alisema Mama Foleni.

"Basi tupime." Afisa alitazama kulia na kushoto. "Fundi, nisaidie spana."

Na fundi baiskeli, mtu wa kuombwa akatoa, alichomoa spana mfukoni akampa. Afisa akaenda kwenye koki kubwa iliyo ukutani, akaikaza mpaka mwisho. Bomba likakohoa, likatema kidogo, likanyamaza.

"Kesho saa tisa nakuja. Bomba lisifunguliwe. Nikiwakuta hapa bila maji, nitasema wasomaji wapo na nitasimamia neno langu. Nisipowakuta, mama, usinililie."

Akamrudishia fundi spana yake, akashukuru.

---

"Ulimpa spana!"

"Aliiomba!"

"Angeomba kichwa changu ungempa?"

"Mke wangu, mimi mtu akisema 'fundi, nisaidie,' mkono unatoka wenyewe. Ndiyo kazi yangu."

Jua lilikuwa linashuka na nyumbani hapakuwa na maji ya kupikia. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, amekumbatia ndoo yake tupu.

"Huko nje wanasemaje, mama?" aliuliza mkutubi.

"Unataka ukweli au unataka kulala?"

"Ukweli."

"Wanasema umewaponza. Bomba la karibu sasa ni lile la machinjioni. Ni kupanda na kushuka, na foleni yake ni ya siku nzima. Kuna mama mmoja mwenye mapacha, amesema hadithi hainyweki."

Mkutubi alikaa kizingitini. Binti alikuja akakaa karibu naye, begani kwa bega.

"Mama, kwani mwisho wake ni nini? Mume ni mzima?"

"Sijui. Sijasoma mbele. Nasoma pamoja nao."

"Hata kuchungulia?"

"Hata kuchungulia. Nikijua, wataniona usoni."

Fundi alitoka nje. Alirudi baadaye kidogo, amesimama mlangoni na spana. "Naweza kulegeza kidogo tu," alisema. "Nani atajua?"

Walimtazama wote watatu. Kusema kweli, mkutubi alifikiri. Alifikiri kwa muda ambao haukumpendeza.

"Hapana," alisema. "Wasomaji wa bandia tumeshawaleta mara moja. Weka hiyo spana."

---

Saa tisa ya siku ya pili uwanja ulikuwa mtupu.

Mkutubi alikuwa amefagia, amepanga mikeka barazani, amekaa na kitabu mapajani. Afisa alifika kwa wakati wake, akasimama uani mikono nyuma. Dereva alishuka naye leo, akaegemea boneti. Bomba lilikuwa kavu, na chini yake mjusi alikuwa anaota jua bila wasiwasi wowote.

"Nasubiri," alisema Afisa.

Wakasubiri. Yule mzee mstaafu alitoka ndani, akatazama huku na huku, akarudi kwenye gazeti lake. Fundi alikuwa kibandani akipiga kitu nyundo, kitu ambacho hakikuhitaji kupigwa. Mkutubi alianza kuvihesabu vyombo vyao kichwani, kitanda kitapitaje mlangoni, kabati la mama mkwe litakaa wapi.

"Mama," alisema Afisa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomuumiza zaidi. "Umejitahidi. Si kosa lako. Watu wana shida zao. Niletee funguo."

Mkutubi alisimama. Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono kwenye msumari wa funguo, aliposikia dereva akisema, "Bosi. Hebu tazama kule juu."

Barabara ya machinjioni inateremka kilima kabla ya kufika maktaba. Na kilima chote kilikuwa kinashuka ndoo. Ndoo nyekundu, za kijani, madumu ya njano, masufuria yenye vifuniko, yote vichwani, yote yamejaa, yanameremeta na kudondosha. Wanawake walikuwa wanatembea ule mwendo wa haraka usiotikisa shingo. Mbele kabisa alikuja Mama Foleni, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Asianze! Mwambieni asianze!"

Nyuma yake mama mkwe, na umri wake ule, ndoo nusu kichwani, mkono mmoja juu, mwingine kiunoni, anahema kama kiriba cha mhunzi. Fundi alimwona mama yake akatupa nyundo, akakimbia kumpokea. Alifukuzwa.

"Niache! Nimeshafika, unanipokea nini sasa?"

Waliingia uani wakajaa. Hakuna aliyelitazama bomba. Walitua ndoo zao moja moja, kwa uangalifu, wakazipanga kando ya ukuta kwenye kivuli. Mashingo yalikuwa yameloa, nyuso zinameta jasho. Yule mwenye mapacha naye alikuwepo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi kwa dada yake.

Afisa alisogea kwenye ndoo ya kwanza, akachungulia. Akaenda ya pili.

"Zimejaa," alisema.

"Zimejaa, mheshimiwa," alisema Mama Foleni, mikono kiunoni. "Tumeamka nazo giza halijaisha. Majumbani kwetu hatujafika. Waume zetu hawajui tuko wapi. Una kiu?"

"Hapana, asante..."

"Una kiu, midomo imekukauka. Mletee kikombe." Akamchotea. "Kunywa. Haya hayakutoka kwenye bomba lako."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Afisa alikunywa, afanye nini. Alikunywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja, na alipokirudisha kikombe alikuwa naye anacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Nimeona," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Nitaandika wasomaji wapo. Watu wa ushuru watafute kwingine."

Mama mkwe alipiga kigelegele, akashindwa kukimaliza kwa kuhema. Mkutubi alikuwa bado mlangoni, funguo mkononi. Alitaka kucheka, yakatoka machozi, akajipangusa kwa mkono ule wenye funguo, akajikwaruza pua.

"Usiondoke, hatujamaliza na wewe," Mama Foleni alimwambia Afisa. "Bati."

"Bati nitaomba. Bajeti..."

"Lete bati, msumari na mkono tunavyo," alisema fundi bati, aliyekuwa amekuja na ngazi yake bila kuulizwa. "Nimeshalipanda hilo paa jana kuliangalia. Vipande vitatu tu ndivyo vimeoza. Mengine ni misumari."

"Na taa," alisema kinyozi, naye ameshajipenyeza katikati yao. "Mimi natoka kazini jioni. Nisome kwa harufu?"

"Na hii ya kumkata mama huyu mshahara kitabu kikipotea, iondoke," alisema mwenye mapacha. "Kikipotea kwangu, nidaiwe mimi."

"Na vya watoto, vyenye picha!"

"Na benchi huku nje!"

"Polepole, jamani, polepole!" Afisa alikuwa anaandika kwenye kiganja, kwa sababu karatasi aliiacha garini. "Moja moja! Taa... mshahara... picha..."

"Na bomba!" alisema mama mkwe. "Au unadhani tutapanda kile kilima kila siku kwa ajili yako?"

Afisa alinyoosha mkono kwa fundi baiskeli. Spana ilishatolewa kabla mkono haujafika. Lakini Mama Foleni aliwasukuma wote kando.

"Bomba baadaye. Likifunguliwa sasa litapiga kelele. Mama, kaa. Soma."

Mkutubi alikaa barazani. Watu wakabanana kwenye mikeka, wengine wakakaa chini, mzee mstaafu akatoka na kiti chake, na wale wa baiskeli, ambao safari hii hawakuitwa na mtu, walisimama nyuma wakichungulia juu ya mabega. Alifungua pale palipoachwa. Karatasi zilikuwa zimekauka, zimejikunja kama majani. Akavuta pumzi.

Mjane alipanda ngazi za hoteli. Alihesabu milango. Alisikia mtu ndani anakohoa, na kikohozi kile alikijua.

"Ndiye!" mtu alinong'ona.

Mjane alisukuma mlango. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, kiwiko cha bluu kimemwelekea. Na kitandani, mgongo kwake, alikaa mtu akivua viatu.

Afisa alitazama saa yake. Alikuwa na kikao halmashauri. Alirudi nyuma polepole, akakanyaga mguu wa mtu, akaomba radhi, akafika kwenye gari. Dereva hakuwepo kwenye usukani. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu la baiskeli, karibu kabisa na baraza, mdomo wazi.

"Twende," alisema Afisa kwa sauti ya chini.

Dereva hakugeuza kichwa.

"Wewe. Twende, tumechelewa."

"Bosi, injini imechemka," alisema dereva, macho yakiwa kwa mkutubi. "Inabidi ipoe mpaka sura iishe."

Afisa aliligusa boneti. Lilikuwa baridi. Alisimama hapo kidogo, ameshika ile tai yake, na barazani mtu aliyekuwa anavua viatu akaanza kugeuka. Afisa akatafuta mahali pa kukaa.